Hasira na Neno Zito Katika Ndoa

Lugha yetu ina neno moja linalotumika kwa kisu, kwa jua, kwa dawa, kwa mbwa na kwa baba. Twasema kisu kikali, jua kali, dawa kali, mbwa mkali, baba mkali. Katika vinne vya kwanza neno hilo laeleza sifa inayoweza kupimwa: kisu hukata, jua huunguza, dawa huchoma, mbwa huuma. Katika la tano huingia heshima ambayo hakuna aliyeipima. Husemwa kwa fahari kwamba katika nyumba fulani baba ni mkali, na msikilizaji haulizi ukali huo wakata nini. Siku hizi hata mama husifiwa hivyo, na mwanafunzi huweza kulitaja jambo hilo mbele ya wenzake kana kwamba anataja cheo cha mzazi wake.

Tunachotaka kukitazama katika kurasa hizi ni ukali wa namna hiyo baina ya mume na mke. Hatukusudii kupigana, juu ya hilo tutasema machache baadaye, na halina mjadala. Twakusudia hali ya kawaida zaidi, ambayo haifiki polisi wala haiachi alama mwilini: mmoja wa wenzi wawili, kila aletewapo neno zito, hupandwa na hasira, na neno lenyewe hufa kabla ya kusemwa lote. Neno zito ni deni, ni ugonjwa, ni mtoto aliyeharibikiwa shuleni, ni ndugu wa upande mmoja aliyekuja kwa wiki mbili akakaa miaka miwili, ni kiwanja kinachotakiwa kuuzwa, pengine ni uchovu tu wa mmoja juu ya mwenendo wa mwingine. Je, aliyenyamazishwa ana wajibu wa kunena, au kunyamaza kwake ni fadhila? Na yule mwenye hasira, maadamu hakumgusa mtu, amekosa nini?

Tutwae mfano. Tuseme yupo fundi seremala, mtu mwema, mchapakazi, asiyelewa, mpenda watoto. Mkewe amechukua mkopo wa shilingi 400,000 katika kikundi cha kuweka na kukopa ili akuze biashara yake ya maandazi. Bei ya unga na mafuta imepanda, biashara imeyumba, na marejesho mawili yamempita. Jioni moja anaanza: "Baba Asha, nina neno." Mume anausukuma ugali kando. "Neno gani tena? Mtu hawezi hata kula katika nyumba hii?" Sauti inapanda, watoto wanainama, na mke anasema, "Basi, si kitu." Jioni ya pili hakuna neno. Wiki ya tatu mke ameuza cherehani kwa siri na kusema ameiazimisha kwa wifi yake. Wiki ya sita wanawake wanne wa kikundi wanafika mlangoni kuchukua makochi ambayo fundi yule aliyatengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Naye anamgeukia mkewe na kumwuliza: "Kwa nini hukuniambia?"

Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika. Anayeliuliza aghalabu ni mkweli kabisa. Haikumbuki ile jioni ya kwanza kuwa ni jioni ambayo aliambiwa jambo. Anaikumbuka, kama anaikumbuka, kuwa ni jioni ambayo alikuwa amechoka. Kwake hasira ilikuja ikapita kama mvua ya vuli. Kwa mkewe haikupita. Ilibaki kuwa elimu. Nyumba ya mtu wa namna hii hujifunza elimu ambayo hakuna aliyeifundisha: namna lango linavyofunguliwa, kikohozi cha barazani, viatu vinavyovuliwa polepole au kwa kurushwa. Mtoto wa miaka saba huweza kusema, kabla baba hajaingia, kama leo yafaa kuomba daftari au haifai. Tumeona watoto wenye maarifa haya, na kwa hakika ni maarifa makubwa. Lakini mtoto wa umri huo angefaa kujua mambo mengine.

Wala tusidhani kwamba hasira ya namna hii ni ya wanaume peke yao. Tunajua nyumba ambamo mume, mtumishi mwenye mshahara wa mwezi, huificha hati yake ya mshahara kwa kuwa makato yaliyomo ni ya mkopo aliouchukua kumsomesha mdogo wake, na mkewe akiyaona nyumba itawaka moto siku tatu. Pengine hasira haina sauti hata kidogo. Mwenzi hununa, hususa chakula, hujibu kwa kutikisa kichwa, hulala akiwa ameelekea ukutani. Mnunaji aghalabu hujihesabu kuwa mpole, kwa sababu hakufoka, naye hushangaa akiambiwa kwamba anaogopwa. Lakini kazi iliyofanywa na kimya chake ni ile ile iliyofanywa na kelele za yule mwingine: neno limerudishwa lilikotoka.

Hapa twafikia jambo ambalo wenye kuitetea hasira hawalitazami. Husemwa kwamba hasira ni tabia ya kuzaliwa, kwamba mtu fulani "ndivyo alivyo," na kwamba mwenziwe alimjua tangu uchumba. Iwapo ni tabia ya kuzaliwa, basi ingemfuata mtu huyo kila aendako. Lakini fundi yetu haonyeshi ukali huo kwa mteja anayelalamika kwamba mlango umepinda. Humsikiliza hadi mwisho, humpa kiti, na kuahidi kuurekebisha Jumamosi. Yule mke anayewasha nyumba moto hawashi ofisi ya mkuu wake. Hasira yenye kuchagua mahali pa kutokea inajua, kwa kiasi fulani, inachofanya. Nayo hulipwa. Kila mara neno linapokatizwa na mzungumzaji akasema "basi, si kitu," mwenye hasira amepata faida: amepumzishwa na jambo ambalo hakutaka kulisikia. Hakuifanya hesabu hiyo kwa makusudi, lakini malipo yamepokewa, na kazi inayolipwa hurudiwa.

Tukilitazama hivyo twaona kosa liko wapi. Aliyekasirika hakuvunja sahani wala kuinua mkono, ila amejitwalia mamlaka juu ya mambo ambayo si yake peke yake: amekuwa mtu anayeamua ni kweli ipi iingie nyumbani na ni ipi ibaki nje. Deni lile ni la wote wawili, makochi ni ya wote wawili, watoto ni wa wote wawili. Lakini ruhusa ya kuyazungumza ameiweka mfukoni mwake. Tungeona kwa kiongozi wa kijiji mwendo kama huu, kwamba kila taarifa mbaya ikiletwa anamfokea mleta taarifa, tungesema kijiji hicho kitaangamia kwa njaa huku vitabu vya ghala vikionyesha shibe.

Hata hivyo haki yatutaka tuitazame hasira kwa ndani pia. Aghalabu aliyekasirika ni mtu aliyeaibika. Mume anayeambiwa kwamba mtoto hana sare huweza kusikia neno jingine ambalo halikusemwa: kwamba yeye si mwanamume kamili. Mke anayeulizwa kwa nini fedha za matumizi zimekwisha tarehe 12 huweza kusikia kwamba anaitwa mwizi. Neno lililotoka lilikuwa jepesi kuliko neno lililofika. Tena hasira ni haraka kuliko aibu. Mtu huweza kukasirika kabla hajajitambua kwamba ameaibika, na kwa sababu kukasirika kunamfanya ajisikie mwenye nguvu, ilhali aibu ingemfanya ajisikie mnyonge, hubaki katika hasira kama mtu aliyekimbilia chini ya mti wakati wa radi.

Nao waletao neno zito hawana ustadi sikuzote. Wapo wanaolileta mbele ya wageni ili wapate mashahidi. Wapo wanaoanza na deni la mwezi huu wakamaliza na harusi ya mwaka 2009, ambapo shemeji fulani hakupewa kiti. Wapo wanaochagua saa ya mtu kutoka safarini, hajanawa hata uso. Mtu akikasirika katika hali kama hizo hatuwezi kumlaumu yeye peke yake. Lakini tumegundua kwamba mwenye hasira ya kudumu daima atapata kasoro katika saa iliyochaguliwa. Asubuhi ana haraka; jioni amechoka; usiku ni wa kulala; Jumapili ni ya kupumzika. Ukihesabu siku zote za juma utaona kwamba hakuna hata saa moja iliyoruhusiwa.

Wahenga wetu walisemaje? Wengi watautaja utenzi wa Mwana Kupona binti Msham, aliyeutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mama yule alikuwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, naye alimwusia binti yake kutafuta radhi tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, na asishindane na mumewe. Utenzi huo umesomwa shuleni kwa miaka mingi, na wapo wanaoutoa kama ushahidi kwamba utamaduni wetu umeamuru mwanamke anyamaze. Sisi tunauheshimu mno, lakini hatuusomi hivyo. Twausoma kuwa ni maneno ya mama aliyeyaona mauti yake karibu, akitaka kumwacha mtoto wake salama katika ulimwengu ambamo mwanamke aliyegombana na mumewe hakuwa na mahali pengi pa kwenda. Ni shauri la usalama, na usalama ni kitu kikubwa. Hakuandika kwamba mwenye kuogopwa yuko katika haki.

Tena si kwa utenzi mmoja tu kwamba wazee walilitazama jambo hili. Ukiziangalia desturi zetu utaona kwamba walijua vyema kuwa neno zito halibebwi na mtu mmoja, wakaliwekea wapagazi. Kulikuwa na mshenga, ambaye kazi yake haikuisha siku ya harusi. Aliyeipeleka posa ndiye aliyeitwa ndoa ilipopata ufa, naye aliweza kumwambia bwana harusi wa zamani maneno ambayo mkewe asingethubutu. Kulikuwa na somo kwa upande wa mwanamke, aliyemfunda na kuendelea kuwa sikio lake. Kulikuwa na shangazi. Kulikuwa na babu, ambaye kwa utani alimwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na kwa njia hiyo alipata ruhusa ya kumdhihaki mume wa mjukuu mpaka mume akacheka, na akiwa katika kucheka akaambiwa la kweli. Utani wa makabila nao ulifanya kazi hiyo hiyo: Mnyamwezi aliweza kusimama katika msiba wa Mzaramo akazitangaza kasoro za nyumba ile hadharani, akachekwa na kupewa ujira wake, wala hapana aliyekasirika, kwa kuwa kukasirikia utani ni aibu kuliko kasoro iliyotajwa. Huo ni ustadi mkubwa wa kijamii, nasi twafikiri haujasomwa ipasavyo na wanaoutaja kama kichekesho tu.

Pwani kulikuwa, na kungaliko, kanga. Mwanamke asiyeweza kusema huvaa. Jina la kanga humpita mume mlangoni, humwandalia chakula, humgeuzia mgongo ili alisome vizuri. Twaipenda desturi hii kwa werevu wake. Lakini tukubali mipaka yake. Kanga huweza kusema "nimeumia," huweza kusema "nakuona," na huweza hata kumtukana jirani kwa adabu. Haiwezi kusema kwamba tunadaiwa shilingi 400,000 na marejesho ni Ijumaa. Mambo ya hesabu yanataka mdomo.

Wapagazi hao wamepungua. Aliyeolewa Mtwara anaishi Mwanza, somo wake amebaki Mtwara, na mshenga alikuwa rafiki wa kazini aliyehamishwa mwaka uliofuata. Wanandoa wengi wa mjini wamebaki wawili katika vyumba viwili, na neno zito likianguka baina yao hakuna wa kuliokota. Huenda simu ikasaidia kidogo. Tumesikia wanaoandikiana ujumbe mmoja akiwa sebuleni na mwingine chumbani, na wapo wanaocheka kusikia hivyo, sisi hatucheki. Maandishi hayapandishi sauti, na msomaji huweza kukasirika peke yake, akatulia peke yake, kisha akajibu.

Sheria za nchi nazo zimejengwa juu ya tumaini kwamba mume na mke huweza kuzungumza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa, kuigawa au kuiweka rehani pasipo ridhaa ya mwingine. Ridhaa maana yake mmoja ameuliza na mwingine amejibu akiwa huru kukataa; ridhaa iliyotolewa ili makelele yaishe ni sahihi tu juu ya karatasi. Sheria ya mwaka 2008 juu ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ilimtaka aliyepima na kujua kwamba ana virusi amweleze mwenzi wake bila kuchelewa. Fikiri, ndugu msomaji, juu ya mwanamke aliyepimwa katika kliniki ya wajawazito, anayerudi kwa mume ambaye hawezi kuambiwa hata kwamba sukari imekwisha. Atalisemaje? Dawa zipo, nazo humwezesha mtu kuishi maisha marefu na kumzaa mtoto asiye na virusi. Lakini vidonge vya kila siku vilivyofichwa ndani ya pakiti ya chumvi humezwa leo na kusahauliwa kesho. Katika nyumba ya namna hii ukali si tabia tena. Ni hatari ya uhai, wa mkali mwenyewe akiwamo, kwani naye hajapima.

Sheria ile ya mwaka 1971 iliagiza pia kuwepo kwa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, yenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, na kwamba kwa kawaida shauri la talaka lisipelekwe mahakamani kabla baraza halijajaribu kuwapatanisha. Waliokaa katika mabaraza ya kata hueleza jambo la ajabu. Wanandoa walioishi pamoja miaka 20 hufika, mmoja huanza kueleza, na mwingine hushangaa kwa dhati, kwa kuwa anasikia mambo hayo kwa mara ya kwanza. Anayasikia hapo kwa sababu moja tu: mbele ya mwenyekiti aliyevaa miwani na kushika kalamu haruhusiwi kufoka mpaka mwenziwe amalize. Kilichokosekana nyumbani kwa miaka 20 ni kanuni hiyo ndogo ya zamu.

Tunalotaka kulisema basi ni hili. Hatumdai mtu asikasirike. Hasira huja bila hodi, na anayeahidi kwamba hatakasirika tena hatimizi ahadi hiyo hata wiki mbili. Tunachodai ni jambo dogo zaidi na gumu zaidi: aliyeyakata mazungumzo ndiye mwenye deni la kuyarudisha. Akihisi damu inapanda, na aseme, "Mama Asha, nipe hadi kesho," akatoke, akatembee, akarande mbao zake. Hayo yote ni halali. Lakini kesho ikifika ni yeye atakayeanza. Asimngoje mwenziwe aliyefokewa akusanye ujasiri upya, kwani ujasiri ule wa kwanza ulimgharimu siku kadhaa kuukusanya. Atakayesema, "Jana ulitaka kuniambia neno, nami sikukusikia, sema, nitanyamaza," amelipa deni lake, hata kama atakasirika tena katikati. Asiyesema hivyo ataendelea kudaiwa, hata akileta nyama na vitenge. Tumeona wanaume wengi wakileta nyama. Hupikwa, huliwa, hushukuriwa, na neno hubaki pale pale.

Na aliyefokewa? Wajibu wake wa kusema kweli haufutwi, ila hupungua kwa kadiri ya hatari. Anapokabiliwa na kelele tu, twaona afanye subira ya siku moja au mbili, achague jambo moja, aliseme kwa ufupi, na asikubali kuliita "si kitu" ilhali ni kitu. Neno hilo "si kitu" hutolewa kwa ajili ya amani, lakini ndilo linalomfundisha mkali kwamba kila aliloambiwa halikuwa na uzito. Heri kusema, "Ni kitu, nami nitakirudia Jumamosi." Akihofia kulisema peke yake, na amtafute mpagazi: kaka, mchungaji, shekhe, mjumbe wa nyumba kumi, rafiki anayeheshimiwa na pande zote mbili. Huko si kuitoa siri ya nyumba. Mshenga alikuwa wa nyumba.

Bali hasira inapokuwa tishio, mkono ukiinuliwa, kisu kikitajwa, mlango ukifungwa kwa ufunguo, hakuna wajibu wa mazungumzo tena. Kifungu cha 66 cha sheria ile ile kilitamka waziwazi kwamba hakuna mila inayompa mtu haki ya kumpiga mwenzi wake, na vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto. Anayemwambia mwanamke wa namna hii arudi akajifunze kuchagua maneno amemwelekeza pasipo salama, hata kama anatumia methali nzuri.

Walimu watakaosoma kurasa hizi wanalo dirisha ambalo wengine hatuna. Mwisho wa muhula ripoti hupelekwa nyumbani, hurudi ikiwa na sahihi ya mzazi. Wapo wanafunzi ambao matokeo yakiwa mazuri sahihi ni ya baba. Yakiwa mabaya ni ya mama, au ya kaka, au ni ya baba lakini imeandikwa kwa mwandiko unaofanana mno na wa mwanafunzi mwenyewe. Kughushi ni kosa na lina adhabu yake. Lakini mtoto huyo hakujifunza shuleni. Alikuwapo cherehani ilipotolewa kwa mlango wa nyuma, naye ndiye aliyeambiwa aseme imeazimwa na shangazi. Mwalimu mmoja tunayemfahamu ameanza kuwaita wazazi wote wawili, kuwakalisha benchi moja, na kumpa mtoto ripoti aisome mwenyewe kwa sauti, kwa sharti kwamba mtu asiseme neno mpaka afike chini ya ukurasa. Anasema kusoma kwenyewe hakuzidi dakika tatu, na kwamba baadhi ya akina baba hutoka jasho.